Mlango wa Shule na Kiti cha Darasani

Mji wa Mombasa umezungukwa na maji, na mtu wa bara hana budi kuvuka ili aufikie. Mtu wa Kisauni huvuka kwa daraja la Nyali. Mtu wa Changamwe hupita njia ya Makupa. Mtu wa Likoni hungoja feri, akavuka pamoja na magari, mikokoteni na vikapu vya samaki. Njia ni tatu, na kila moja ina chombo chake na taabu yake. Lakini mji ni mmoja. Hapana mtu mwenye akili awezaye kusema kuwa aliyefika kwa feri ana haki ndogo ya kuingia sokoni kuliko aliyefika kwa daraja.

Walakini neno hilo, ambalo lingekuwa upuzi likisemwa juu ya soko, limesemwa kwa miaka mingi juu ya shule. Imepata kusemwa kuwa mtoto fulani asisome kwa sababu wazazi wake walikuwa watumwa. Mwingine asisome pamoja na wenzake kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Mwingine asisome kabisa kwa sababu haoni, hasikii, au hawezi kutembea. Kila zama ilikuwa na mtoto wake iliyemwacha nje, na kila zama ilikuwa na hoja zilizoonekana nzuri za kumwacha.

Katika insha hii nataka kueleza jinsi mlango wa shule ulivyofunguliwa kidogo kidogo katika bara ya Mombasa. Nitaanza Kisauni, nipite Changamwe, na nimalizie Likoni. Msomaji ataona kuwa kufungua mlango ni jambo moja, na kumwekea mgeni kiti ndani ni jambo la pili. Na kwamba wakubwa wetu walijitahidi sana katika la kwanza, na la pili wametuachia sisi.

Mwaka wa 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukataza watumwa wasisafirishwe tena kwa bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mjumbe wa Uingereza aliyetangulia kuja kumshawishi alikuwa Sir Bartle Frere. Mkataba huo haukuimaliza biashara kwa siku moja. Majahazi yaliendelea kupita kwa siri usiku, na manowari za Kiingereza ziliendelea kuyakamata. Ndipo likazuka swali ambalo halikuwa limefikiriwa vya kutosha: watu waliookolewa wapelekwe wapi? Wengi walikuwa Wayao, Wanyasa na Wamakua, waliotekwa mbali sana na pwani. Vijiji vyao vilikuwa vimechomwa, na kama wangeachwa njiani wangetekwa mara ya pili. Mtu anaweza kukatiwa minyororo asubuhi na jioni akawa hana mahali pa kulala.

Kabla ya wakati huo baadhi yao walikuwa wamepelekwa Bara Hindi, kukaa na kusoma katika nyumba ya misheni karibu na Nasik, katika jimbo la Bombay. Padri William Salter Price, aliyekuwa msimamizi wa nyumba hiyo, ndiye aliyetumwa kuja Mombasa. Ardhi ikanunuliwa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, na mwaka wa 1875 kijiji cha watu waliokombolewa kikaanza. Kikaitwa Frere Town, kwa jina la yule mjumbe. Palijengwa nyumba, mashamba yakalimwa, na shule ikafunguliwa.

Tufikirie darasa la shule hiyo lilivyokuwa. Mtoto mmoja anasema Kiyao, jirani yake Kimakua, na wa tatu Kinyasa. Mmoja ana miaka saba na mwingine kumi na mitano, nao wote wanaanza herufi ya kwanza. Wengine hawajui mama zao wako hai au wamekufa. Mwalimu wa leo akipewa darasa kama hilo atasema haliwezekani. Lakini waalimu walipatikana, na walio bora kati yao walikuwa wale Waafrika waliorudi kutoka Nasik, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wamepitia njia hiyo. Kiswahili kikawa lugha ya wote. Wageni wa makabila mengi walipata ndugu kwa kupata lugha.

Matunda yake yalionekana upesi. William Jones, aliyekuwa ameuzwa utumwani akiwa mtoto na akasomea Nasik, alipewa ushemasi mwaka wa 1885 pamoja na mwenziwe Ishmael Semler. Mwaka huo huo Jones alifuatana na Askofu Hannington katika safari ya Uganda. Na Hannington alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyewaongoza wasafiri waliosalia mpaka wakarudi Rabai. Mtoto aliyehesabiwa kama bidhaa alikuwa amekuwa kiongozi wa msafara. Kadhalika James Mbotela, mwana wa mtu aliyekombolewa, alikuwa mwalimu, na mwaka wa 1934 kitabu chake kiitwacho Uhuru wa Watumwa kilichapishwa. Baba alitekwa akatiwa katika jahazi. Mwana akaandika habari za jahazi lile. Umbali uliopo kati ya mambo hayo mawili ni shule.

Wanafunzi wa Mombasa huijua kengele ya Frere Town, nayo ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni. Kengele hiyo ilitumiwa kuwaita watu, na ilitumiwa pia kuwaonya walipokaribia wavamizi waliotaka kuwarudisha utumwani. Chombo kimoja kilikuwa na kazi mbili: kusema "njooni", na kusema "jihadharini". Na hakika wema wa Frere Town haukuwa bila kasoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 yalitokea malalamiko makubwa juu ya viboko na vifungo walivyopewa wakaaji wake, hata mambo yakachunguzwa. Waalimu waliotoka Nasik, waliobeba kazi nzito, hawakuhesabiwa sawa na Wazungu walioshirikiana nao. Tena mlango ulikuwa na mpaka. Aliyeokolewa na manowari alipokewa kwa furaha. Lakini mtoro aliyekimbia mwenyewe kutoka shambani kwa bwana wake alikuwa tatizo, kwa sababu sheria ya wakati ule ilimpa bwana haki ya kumdai. Watoro walijazana hata hivyo, hasa Rabai, mpaka George Mackenzie, wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alipowalipa mabwana fidia. Na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Utumwa wenyewe haukufutwa na sheria katika pwani yetu mpaka mwaka wa 1907.

Basi Kisauni yatufundisha mambo mawili. La kwanza, hapana mtoto ambaye hafundishiki. Kuna mtoto ambaye hajafundishwa. La pili, mtu anaweza kuingizwa ndani ya nyumba na bado akaketishwa sakafuni.

Sasa tuvuke tuende Changamwe. Mwaka wa 1896 ujenzi wa reli ulianza Mombasa, na reli hiyo ilipotoka kisiwani ilishika njia ya Makupa ikaingia bara kwa Changamwe. Baadaye bandari ya Kilindini ikapanuka. Watu wakaja kutoka kila upande wa nchi kutafuta kazi: Wataita, Wakamba, Wajaluo, Wakikuyu, Waluhya, wakakaa pamoja na Wamijikenda na Waswahili. Waliovuta kamba za meli walikuwa bega kwa bega, lakini watoto wao na watoto wa mabwana zao hawakukaa bega kwa bega darasani. Serikali ya kikoloni iliipanga elimu kwa rangi: shule za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waarabu mbali, na za Waafrika mbali. Kila kundi lilikuwa na fungu lake la fedha, na fungu la mtoto wa Kizungu lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko la mtoto wa Kiafrika.

Mpango huo ulileta mambo ya ajabu. Wenyeji wengi wa pwani walishindana na serikali juu ya jina tu: je, waandikwe Waarabu au waandikwe wenyeji? Mtu wa mbali angedhani ni kiburi cha nasaba. Lakini jina lililoandikwa kwenye karatasi liliamua kodi ya baba na heshima yake, na liliweza kuamua shule ya mtoto wake. Mwaka wa 1942 masomo yalifanywa kuwa ya lazima kwa watoto wa Kizungu, na kwa wavulana wa Kihindi katika miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Mtoto wa Kiafrika hakulazimishwa. Huenda msomaji akaona kuwa kutolazimishwa ni uhuru. Sivyo. Maana yake ni kwamba serikali haikujifunga kumjengea shule wala kumletea mwalimu.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Mwezi huo huo iliundwa tume ya elimu chini ya Profesa Simeon Ominde, nayo ikatoa taarifa yake ya kwanza mwaka wa 1964. Tume hiyo ilishauri kuwa shule za taifa huru zisigawanywe kwa rangi, bali ziwe mahali pa kuunganisha wananchi. Shule zilizokuwa za kundi moja zikafungua milango. Haikuwa kazi ya siku moja, kwani karo kubwa iliendelea kufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na rangi. Mtoto wa kuli alisimama mbele ya lango lililo wazi na mfuko ulio mtupu. Hata hivyo hoja kubwa ilikuwa imeshinda. Tangu siku hizo mtu akisema kuwa rangi fulani haifundishiki, hujiaibisha mwenyewe.

Lakini alikuwapo mtoto mwingine ambaye wengi hawakumkumbuka katika shangwe hizo. Alikuwa nyumbani, chumba cha ndani. Tume ya Ominde ilimkumbuka, nayo ikashauri kuwa watoto wenye ulemavu usio mzito wasome katika shule za kawaida, na waalimu waandaliwe kwa kazi hiyo. Naomba msomaji autazame tena mwaka: 1964. Wako watu leo wanaodhani kuwa jambo hili ni geni na kwamba limeletwa juzi na wafadhili. Limo katika taarifa ya kwanza ya elimu ya taifa letu.

Zamani, na pengine hata sasa katika nyumba fulani, mtoto aliyezaliwa na ulemavu alifichwa. Wengine walimficha kwa aibu, wakidhani ni adhabu. Wengine walimficha kwa mapenzi, wasije watu wakamcheka. Njia hizi mbili huanza mahali mbalimbali, lakini huishia mahali pamoja, yaani mtoto hasomi. Wazee wetu walikuwa na methali ya kuwakemea wenye kucheka: hujafa hujaumbika. Maana yake ni kuwa umbo lako la leo si ahadi ya kesho. Anayetembea leo huenda kesho akatembezwa. Kwa hiyo mtu anayejenga ngazi bila njia ya kiti cha magurudumu huenda anajifungia mlango wake mwenyewe wa uzee.

Katika Kenya shule ya kwanza ya wasioona ilifunguliwa Thika mwaka wa 1946 na Jeshi la Wokovu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 shule za viziwi zikaanza magharibi ya nchi, na mwaka wa 1962 Jeshi la Wokovu likafungua Joytown, huko huko Thika, kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Wengi katika siku hizo walikuwa wameachwa na ugonjwa wa kupooza. Bara ya Mombasa nayo ikapata sehemu yake. Likoni pana shule ya wasioona, ambayo nayo ni tunda la Jeshi la Wokovu. Upande wa Changamwe, Port Reitz, pana shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Hivyo pande zile zile za bara zilizopokea watu wa jahazi na watu wa reli zikapokea pia watoto waliotolewa chumba cha ndani.

Ili tufahamu kiti cha darasani ni kitu gani, tutazame maandishi wanayosoma watoto wa Likoni. Yalibuniwa na Mfaransa, Louis Braille, aliyezaliwa mwaka wa 1809. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Louis alipokuwa na miaka mitatu alichezea msharasi, chombo cha kutobolea ngozi, ukamchoma jicho. Maradhi yakaenea katika jicho la pili, akawa haoni kabisa. Alipelekwa Paris, katika shule ya wasioona. Vitabu vya shule hiyo vilikuwa na herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi, kubwa na nzito, ambazo kidole kilizisoma polepole mno. Louis alichukua nukta badala ya herufi. Nukta sita tu, safu mbili za nukta tatu tatu, na kwa kuinua hizi na kuacha zile zapatikana alama 63. Ncha ya kidole hugusa alama moja kwa mara moja na kupita. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano alipoukamilisha mpango huo kwa sehemu kubwa.

Je, shule yake ilimshukuru? Wanafunzi waliupenda mpango ule tangu mwanzo, lakini wakubwa waliupinga kwa muda mrefu, nao haukukubaliwa rasmi mpaka mwaka wa 1854, miaka miwili baada ya Louis kufa. Sababu moja ilikuwa hii: mwenye macho hakuweza kuusoma kwa urahisi, akaona haufai. Alipima kitabu cha asiyeona kwa macho yake mwenyewe. Makosa mengi yafanywayo katika shule zetu ni ya namna hiyo.

Hapa nataka kusema neno juu ya maneno. Katika Kiswahili husema kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Maneno haya yamevaa herufi za vitu, kama kiti na kisu, na kwa ajili hiyo wengi siku hizi hupenda kusema asiyeona, asiyesikia, mtu mwenye ulemavu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa jina lisilomdunisha. Ni sawa kabisa. Lakini tuitendee haki lugha yetu pia. Kiongozi na kijana wamevaa herufi zile zile. Na hapana Mswahili asemaye "kipofu kimekuja" kama asemavyo "kiti kimekuja". Husema "kipofu amekuja". Sarufi yetu iliamua tangu kale kuwa huyu ni mtu. Waliosahau ni wasemaji.

Tangu siku za Ominde hatua nyingi zilifuata. Mwaka wa 1984 vituo vya kuwapima watoto vilianzishwa kwa msaada wa Denmark, ili ijulikane kila mtoto anahitaji nini. Mwaka wa 1986 ikaundwa taasisi ya kuwafundisha waalimu wa elimu maalumu. Mwaka wa 1994 wajumbe wa mataifa mengi walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kuwa shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Jambo hili ndilo wataalamu waliitalo elimu jumuishi. Mwaka wa 2003 karo ya shule za msingi za serikali iliondolewa, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya watu wenye ulemavu, ambayo mwaka wa 2025 ilipokewa mahali pake na sheria mpya. Milango, basi, imefunguliwa kwa sheria juu ya sheria. Viti ndivyo vilivyo vichache.

Mimi mwenyewe nalijifunza hayo kwa aibu. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, nilipelekwa katika shule moja ya sekondari kufanya mazoezi ya kufundisha. Somo langu lilikuwa historia, na sura niliyopewa ilikuwa hii ya Frere Town. Nilichora ramani nzuri ubaoni, nikaonyesha kwa kijiti, nikasema, "Watumwa walitoka hapa, wakapita hapa, wakafika hapa." Katika safu ya mbele aliketi mvulana mwenye uoni hafifu. Alikuwa mtulivu, nami nilimpenda kwa utulivu wake. Nilipotoa jaribio alipata alama mbili katika ishirini. Niliandika kwa wino mwekundu chini ya karatasi yake: "Ongeza bidii."

Siku ya pili msichana aliyeketi karibu naye alinijia. "Mwalimu," akasema kwa adabu, "juma lile nalikuwa mgonjwa, sikuja shuleni. Mimi ndiye nimsomeaye yaliyo ubaoni." Akasita, kisha akaongeza, "Huwa anakumbuka yote nikimsomea."

Nalisimama pale nikitazama kijiti changu. Nalikuwa nikifundisha habari za watu waliofungiwa mlango, na mbele ya macho yangu nimemfungia mtu mlango kwa neno "hapa". Tangu siku hiyo kila niandikacho ubaoni nakisoma kwa sauti, na kila nionyeshacho nakitaja: "kutoka ziwa Nyasa, kwenda Kilwa, kwa bahari mpaka Unguja." Kazi hiyo haikunigharimu senti moja. Tena nikaona jambo ambalo sikulitarajia: waliokaa nyuma kabisa wenye macho mazima nao walielewa zaidi. Mvulana yule katika jaribio lililofuata alipata kumi na mbili. Hazikuwa alama za ajabu. Zilikuwa alama zake.

Wako wanaouliza maswali ya haki. Wa kwanza husema, "Mtoto huyu atawachelewesha wenzake." Nimejibu kwa kisa changu. Wa pili husema, "Akipewa muda wa ziada katika mtihani, je, huo si upendeleo?" Turudi kwenye feri. Mtu wa Likoni hujengewa gati, naye wa Kisauni hujengewa daraja. Kama serikali ingewapa wote daraja la Nyali na kusema imewatendea sawa, mtu wa Likoni angebaki ufukoni. Kuwapa watu kitu kimoja na kuwapa watu haki moja ni mambo mawili. Asomaye kwa vidole hukihitaji kitabu cha nukta na dakika za kukipapasa. Swali atakalojibu ni lile lile.

Wa tatu husema, "Si afadhali wakae katika shule zao maalumu, pamoja na waalimu wanaowajua?" Hili ndilo swali gumu, na sipendi kulijibu kwa haraka. Shule kama ya Likoni imewapa wengi maandishi, kazi na rafiki. Na mtoto asiyesikia apaswa kukaa na wenye kusema lugha ya ishara, la sivyo atakuwa mpweke kati ya watu mia. Kumtia mtoto katika darasa la kawaida bila kitabu, bila mwalimu aliyefunzwa, na kisha kuliita jambo hilo usawa, ni kufungua mlango na kuondoa sakafu. Lakini shule maalumu ni chache, nyumba nyingi ziko mbali nazo, na maisha yenyewe si shule maalumu. Mwenye duka la Changamwe, karani wa Kisauni na dereva wa Likoni watakutana na watu wote. Wajifunzie wapi kuishi nao, ikiwa hawakujifunza darasani? Kwa hiyo nasema: shule maalumu iwepo kwa anayeihitaji, na shule ya kawaida imuandalie kiti anayeiweza, na asiyepaswa kuamua kwa sababu ya uvivu au woga ni sisi.

Tena kiti hicho hakijengwi na serikali peke yake. Njia ya mteremko mlangoni, vitabu vya nukta na mwalimu aliyefunzwa ni wajibu wa wakubwa, na tuwadai. Lakini kuna sehemu iliyo mikononi mwa mwanafunzi. Yule msichana hakuwa na cheo wala fungu la fedha. Aliketi mahali alipoketi, akasoma kwa sauti ya chini. Alifanya kazi ya mwalimu kabla mwalimu hajaijua. Nawe, msomaji, huenda shuleni kwako yuko mmoja anayebaki darasani wakati wa mchezo, au asiyeitwa kundi linapogawanywa, au anayeitwa kwa jina la ulemavu wake badala ya jina alilopewa na mamaye. Usimhurumie kwa mbali. Mwulize anahitaji nini, kwa maana yeye ndiye ajuaye. Kisha naye umwache akusaidie wewe, kwa kuwa asiyepewa nafasi ya kutoa hajawa sawa bado.

Siku moja ukipita Kengeleni, simama kidogo. Pale paliwahi kulia kengele ya watu ambao dunia ilikuwa imewaandika katika hesabu ya mali. Watoto wao waliingia darasani, na hesabu ile ikafutwa. Kengele ya shule yako nayo hulia kila asubuhi, na ikilia huwaita wote. Waangalie wenzako wanaoingia, kisha utazame ni nani hajapata mahali pa kuketi.